Nafasi ya Jina

Watu wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi, wana midomo, na hakuna aliyewahi kuwaomba wapunguze. Sabine alipoanza kupiga gitaa nje ya kibanda chake cha ushonaji walimwambia usoni: we, mbona unaimba kama muzungu aliyepoteza ng'ombe? Wengine wakamuuliza ngoma ziko wapi. Wimbo gani huu ambao mtu hawezi hata kutikisa bega? Sabine alicheka nao, akaendelea. Muziki huo aliurithi kwa baba yake, aliyekuwa na kanda za kantri, muziki wa wachunga ng'ombe wa Marekani, kule Bukavu, Kongo, akizipiga kila Jumapili baada ya misa mpaka majirani wakashika nyimbo ambazo maneno yake hawakuyaelewa. Sabine alichukua lile gitaa linalotembea polepole, akalitilia Kiswahili cha kwao na mambo ya hapa: foleni ya maji, mvua iliyochelewa, ugali wa nsima unaopoa mama akiwa bado hajarudi.

Meneja hakuwa naye, kampuni hakuwa nayo. Nyimbo zake zilihama kutoka simu hadi simu. Siku za soko alipanda kabaza, baiskeli ya abiria, hadi barabara kuu, gitaa mgongoni, akaenda kuimba Mponela, na wauza mahindi wasiojua neno la Kiswahili walisimama wakamsikiliza. Zikomo, mayi, asante mama, walimwambia kwa Kichewa, na yeye alirudi nyumbani akimshukuru Mungu kama aliyeimba mbele ya mfalme.

Lakini tuseme ukweli, bila Papa Cassien asingefika popote. Huyu alikuwa Mnyarwanda wa makamo, fundi wa baiskeli, mtu wa maneno machache hata wateja wakadhani amewakasirikia. Ndiye aliyemkuta Sabine anahangaika na nyuzi za gitaa, akafuta grisi mikononi, akamwonyesha kila kidole kikae wapi. Akamfundisha tangu siku hiyo. Gitaa la Sabine lilipopasuka alimpa la kwake, akasema atakuja kuliazima akilihitaji. Hajaja hata leo. Mtu kama huyo unamlipa nini? Sabine aliwaza hayo kila alipokaa kwenye cherehani, na kila mara moyo ulimjaa.

Kwa watu wa Kongo jibu lipo siku nyingi: unamtupia libanga. Yaani unalitaja jina lake katikati ya wimbo, lisikike mpaka mbali, ajue yeye na dunia ijue. Wenye mali hulipia heshima hiyo, na Sabine alikuwa amewakatalia wafanyabiashara wawili watatu, maana kwake jina si bidhaa. Hili alitaka kulitoa bure. Alimwambia hata Mukarutesi muuza maharage, rafiki yake: ngoja tu, utasikia nimemtaja nani.

Basi akaenda Lilongwe, mtaa wa Area 47, kwa Audace, Mrundi mwenye studio ya chumba kimoja, magodoro yamepigiliwa ukutani. Aliimba wimbo wake wa shukrani mara moja tu, sauti na gitaa pamoja, na gitaa lilipopanda akaachia: Cassien, fundi wa baiskeli wa Dzaleka, mwana wa Nyanza ya Rwanda, mi nikiimba ni mikono yako. Alitoka mle ndani mwepesi kama mtu aliyejifungua salama. Audace akasema wimbo huu anaupeleka redioni leo leo.

Kesho yake asubuhi Sabine alimpelekea Papa Cassien simu pale anapotengenezea baiskeli, akamwekea wimbo, akasubiri furaha. Papa Cassien alisikiliza ameinamisha kichwa. Jina lilipotajwa, spana ilimtoka mkononi.

"Hii wimbo iko wapi sasa?" aliuliza.

"Kwa Audace. Kesho itapita kwa radio."

Aliiokota spana, akaifuta. Kisha akasema taratibu, "Mama Bénie," maana alimwita hivyo, kwa jina la binti wa Sabine, "mi sikukatazi kushukuru. Lakini kuna bantu kwetu balinitafuta kwa ajili ya shamba ya baba yangu. Bakaka zangu balishauawa. Mi, banafikiri nilikufa. Acha bafikiri vile. Jina yangu na kwetu na kazi yangu na hapa ninapolala, yote umeweka mu wimbo moja. Ikipita, mi nitahama."

"Utahamia wapi, Papa?"

"Sijue."

Sabine akachukua simu yake. Alikuwa amekwenda kutoa heshima, na tazama, amemwonyesha adui mlango. Hakuaga hata. Alitafuta gari la Lilongwe, na njia nzima aliomba Mungu ampe jambo moja tu, huyu mzee asihame kwa ajili ya mdomo wake.

Audace hakufurahi. "Nimebabembeleza bale bantu ba radio wiki nzima bakupatie nafasi. Leo njo unakuja kuniambia nitoe?"

"Toa jina."

"Jina peke yake haitoke. Sauti na gitaa biliingia pamoja. Nikikata, wimbo inavunjika. Na ukibaangusha leo, Mama, habatakuita tena."

Kupita redioni! Sabine alikuwa ameota jambo hilo tangu utotoni, sikio kwenye redio ya baba yake. Aliliona linakuja na akaliona linakwenda, na liliuma, nani atasema halikuuma?

"Bas, toa wimbo yote," alisema.

Audace alimtazama, akawapigia simu watu wa redio waufute. Aliomba radhi kwa Kichewa, zikomo zikomo nyingi, kisha akaufuta wimbo mbele ya macho ya Sabine, naye Sabine akaufuta ule wa kwenye simu yake. Roho nzuri anayo, ingawa ananung'unika. Akamwambia akae, arekodi upya. Sabine akaimba tena, na pale palipokuwa na jina akafunga mdomo, akaacha gitaa lipige peke yake. Redio haikuutaka tena.

Wimbo mpya ulifika Dzaleka kwa simu, na hapo ndipo midomo ilipopata kazi. Mukarutesi aliusikiliza mara mbili akitafuta jina aliloahidiwa. Hakulipata. "Shukrani ya punda ni mateke," alisema, akipima maharage, bila kupunguza sauti. "Mutu anakufundisha, anakupa na gitaa yake, we unapita kimya? Lilongwe imeshakuingia kichwani." Wateja wakaitikia. Sabine alisikia yote na hakujitetea, maana kujieleza ni kumtaja, na kumtaja ndiko kulikokatazwa. Alipinda suruali za watu, machozi yakamlenga.

Papa Cassien alimfuata kibandani. "Banakutukana kwa ajili yangu."

"Acha batukane, Papa. Batachoka. We bado uko hapa?"

"Niko."

"Mi hiyo inanitosha," alisema Sabine, na ilikuwa kweli. Siku hiyo alishona akiimba.

Jumamosi mchana aliimba kwenye uwanja wa kanisa. Walijaa, waliompenda na waliokuja kumsema. Simu zilikuwa juu, kila mtu anarekodi. Papa Cassien alisimama nyuma kabisa, ameshika baiskeli ya mteja. Ule wimbo wa shukrani ulipokaribia mahali pake patupu, Mukarutesi akasimama, mkono kiunoni, na Sabine akajua papo hapo: huyu mama atalitaja jina mwenyewe, kwa sauti, ili amwaibishe. Na simu zote zile! Hakuacha kupiga gitaa. Alisogea mbele akasema la kwanza lililomjia.

"Hapa ni nafasi. Kila mutu iko na mutu wake aliyemufikisha. Wangu niko naye hapa mu roho, na sitamusema, kwa sababu namupenda. We, Mama Mukarutesi, wako njo nani?"

Vichwa vyote viligeuka. Mukarutesi alikuwa ameshafungua mdomo. Akaufunga. Akamtazama Sabine kwa muda, na kidogo kidogo uso wake ukabadilika, maana si mjinga, ameelewa kwamba kuna jambo. Mkono ukashuka kiunoni.

"Madeleine," alisema mwishowe. "Pale Uvira. Alinibebea mutoto yangu mugongoni mpaka ng'ambo. Sikumuona tena." Akakaa chini, akajifuta kwa kitenge.

Mwanamume mmoja akasema Honoré. Msichana wa kwaya akamtaja shangazi yake. Kutoka kule nyuma mtu akaita Épitace, na mwingine jina la mama yake, na majina yakaja moja juu ya jingine, ya walio hai na ya waliozikwa, na Sabine akawa anazunguka na gitaa pale pale, hasongi mbele, machozi yanamtiririka na anacheka. Hakuna aliyelipia. Kisha yakapungua, simu zikashushwa, na uwanja ukatulia, naye akajiandaa kuingia ubeti wa mwisho.

"Uwamariya."

Sauti ilitoka kwenye baiskeli. Watu hawakuwahi kuisikia ikiinuka namna ile.

"Alinificha kwake," alisema Papa Cassien. "Balimuua kwa ajili yangu. Sijapata kusema aksanti."

Ubeti wa mwisho Sabine hakuuimba. Alirudia ile nafasi tena, na tena, polepole kama alivyofundishwa, maana Papa Cassien alikuwa bado anasema.