Siku Thelathini Bila Kutikiswa

Mume wangu Alfonsi hawezi kuona kitu kimekaa vibaya akakiacha. Picha ikipinda ukutani kwa jirani, ataomba ruhusa ainyooshe. Ni fundi wa kuchonga vinyago, Mmakonde wa Newala, na kwa miaka kumi na minne ya ndoa nimeizoea tabia yake hiyo, hata naipenda. Mwaka huu nusura inifanye nimrushie mwiko.

Mimi ni Avelina, Muha wa Kasulu. Kwa miaka tisa nilikuwa mpimaji katika maabara ya kiwanda kimoja cha vinywaji pale Chang'ombe. Niliacha kazi kwa hiari yangu, watu wakanishangaa, nikaanza kutengeneza kinywaji changu katika chumba cha uani hapa Mbagala: ubuyu, asali kidogo, na mawese ya kwetu. Ubuyu kila mtu anaujua. Nilichokitaka hasa ni mawese, maana ule wekundu wake si urembo tu. Ndani yake mna antioksidanti, viini vinavyosaidia mwili usichakae haraka. Shida ni kwamba mafuta na maji hayakai pamoja, na rangi ile ikipigwa na mwanga na hewa hupauka. Ikipauka, faida nayo imekwenda.

Hope, mwenye duka la vyakula vya afya kule Mbezi Beach, alionja akapenda. Akanipa sharti: chupa zikae siku thelathini kwenye mwanga, zisipauke, wala mafuta yasijitenge. Kiini cha yai, ambacho kingeunganisha mafuta na maji bila matata, hakukitaka, kwa sababu wateja wake wengi hawagusi kitu cha mnyama. Nikajaribu ute wa bamia. Siku ya tano mafuta yote yalikuwa juu, na chini kimebaki kitu kinachovutika ambacho hata kuku wa jirani walikikataa. Nililia. Wala si kile kilio cha heshima cha chozi moja. Nililia kwa sauti nimekaa juu ya ndoo, Alfonsi amesimama mlangoni hajui mikono aiweke wapi.

Wiki hiyohiyo mkuu wangu wa zamani, Kamugisha, akanipigia simu. Alisema nafasi yangu iko wazi, mwezi ujao ukiisha nimpe jibu. Sikutaka kurudi. Lakini sikutaka pia kuwa mwanamke anayelia juu ya ndoo, kwa hiyo nikajiwekea mpaka: jaribio moja tu. Likishindikana, nachukua koti langu jeupe narudi Chang'ombe.

Wazo la gundi ya mkorosho lilikuwa la Alfonsi. Kwao ile gundi hutoka yenyewe kwenye magome, na utotoni walikuwa wakibandikia madaftari. Mama mkwe akatutumia mfuko mzima kwa basi. Niliiosha, nikailoweka, nikaichuja, nikaikausha na kuisaga, kisha nikaipiga pamoja na mawese kwenye blenda mpaka mashine ikaanza kunuka. Gundi ya namna hiyo hulivika kila tone la mafuta shati lake. Tone lenye shati haliungani na mwenzake, na hewa hailifikii kirahisi.

Nikapanga chupa saba dirishani. Sita zina gundi. Ya saba haina, ili niwe na cha kulinganishia, ndivyo tulivyofundishwa kazini. Nikatangaza nyumba nzima kwamba asiziguse mtu, na nyumba nzima ni Alfonsi, kwa sababu mwanetu Venance yuko bweni.

Siku zikaenda vizuri mno. Ile ya saba ilianza kuchoka mapema. Kufika siku ya kumi na mbili ilifanana na maji yaliyooshewa mchele. Zile sita zilibaki nyekundu, zimetulia, bila mstari hata mmoja. Nikaanza kuimba jikoni. Alfonsi akafurahi kuniona naimba, na mimi nikafurahi kumwona amefurahi. Kweli tulikuwa na raha.

Siku ya thelathini ilikuwa Jumamosi, na Hope angekuja saa nne asubuhi. Niliamka alfajiri kupiga deki, nikamkuta mume wangu dirishani. Ameshika chupa kwa mikono miwili, anaigeuza taratibu, juu chini, juu chini, kama anayebembeleza mtoto. Akaiweka, akachukua nyingine.

Nilimuuliza ameanza lini. Akasema siku ya nne.

"Niliona utando mwembamba juu," alisema. "Nikasema mama Venance akiuona huu atalia tena. Mie sikuweza."

Hasira iliyonipanda siwezi kuieleza. Siku ishirini na sita! Nilimwambia amenifanya mjinga ndani ya nyumba yangu mwenyewe, nimeimba jikoni kwa sababu ya uongo, na saa nne nitaaibika mbele ya mgeni. Hakujitetea. Alisema tu kwamba naweza kunyamaza, kwani Hope atajuaje, na hapo nikamwambia atoke nje.

Nikabaki na chupa zangu. Chai sikuinywa, deki sikupiga. Ilipofika saa mbili hivi nikamwita Alfonsi arudi ndani, nikamuuliza kama na ile ya saba alikuwa akiitikisa.

"Kila siku," alisema. "Niliionea huruma."

Nikamuuliza ilikuwaje akiitikisa. Akasema ile haisaidiki, ukiiweka chini tu mafuta yanapanda palepale. Hizi nyingine ukizigeuza mara tatu utando unaisha, hauonekani tena mpaka kesho yake.

Nikakaa chini. Miaka tisa ya maabara ilinirudia kichwani yote kwa pamoja. Utando unaorudi ndani kwa kugeuzwa mara tatu si mafuta yaliyojitenga. Ni matone yaliyopanda juu yakiwa bado na mashati yao. Na rangi ikishapauka hairudi kwa kutikiswa. Mume wangu alizitikisa chupa zote saba sawasawa, moja ikapauka na sita hazikupauka. Alikuwa amevuruga nusu ya jaribio, na nusu nyingine, ile ngumu ya rangi, hakuweza kuigusa hata kwa mapenzi yake yote.

Hope alipofika nilimweleza kila kitu kabla hajakaa, pamoja na sehemu ya aibu. Alfonsi alikuwa pembeni, akasema, "Ni mie, shemeji. Yeye hakujua." Hope akainua chupa nyekundu kwa mkono mmoja na ile iliyopauka kwa mwingine, akazipeleka kwenye mwanga, akazilinganisha.

"Sharti la mafuta umeshindwa, dada Avelina," alisema mwishowe. "Ungenyamaza ningezichukua zote, halafu wiki ijayo ningekurudishia zote na ningekuchukia. Niletee katoni moja. Andika watikise kabla ya kunywa. Zikitoka, tutaongea."

Katoni moja si mshahara, na Hope hakuahidi zaidi ya hapo. Alipoondoka sikutaka kulala na jambo hilo, nikampigia Kamugisha palepale. Nikamshukuru kwa kunikumbuka, nikamwambia sirudi. Akauliza nimepata maduka mangapi. Nikasema moja. Akauliza oda ni kubwa kiasi gani, nikamwambia, na sauti yangu ilikuwa ndogo kwelikweli.

Kamugisha ni mtu wa vipimo; hana maneno ya kubembeleza. Akataka kujua nimetumia nini. Nikamweleza gundi, mawese, dirisha, na mume. Hakumcheka mume wangu, nikamshukuru moyoni.

"Rangi imekaa siku ngapi?" aliuliza.

"Thelathini."

"Kwenye mwanga?"

"Dirishani, jua la asubuhi linaingia moja kwa moja."

Nilisikia kule kwake mashine ya kufunga vizibo ikigonga, ile niliyoisikia miaka tisa.

"Basi huku usirudi, Avelina," alisema. Kisha akaniomba nimwekee chupa mbili za mke wake, akakata simu.

Alfonsi alikuwa ananitazama, anangoja. Nilikuwa bado nimemkasirikia na nilikuwa nampenda, vyote viwili kwa wakati mmoja. Nikamwambia alete sufuria kubwa, tuloweke gundi.