Gunia Halina Miguu

Kaka yangu ni fundi cherehani, na ndiye aliyenifundisha upinde. Nyuma ya duka lake alitundika gunia la vitambaa chakavu, akapima hatua sabini, akasema, "Mazoezi utafanyia hapa. Porini usipige zaidi ya ishirini."

"Sasa sabini za nini?"

"Ukizoea mbali, karibu mkono hautetemeki. Lakini gunia halina miguu, mdogo wangu. Hilo ulikumbuke."

Nilikumbuka? Wapi! Nilipiga mwaka mzima, hadi mishale mitano kati ya sita ikawa inaingia guniani. Nikavimba kichwa. Kaka naye macho yalikuwa yanamwishia. Hata uzi kwenye sindano alikuwa anatungiwa na shemeji. Daktari alishasema yatazima kabla mwaka haujaisha. "Twende mara moja tu," kaka akaniambia. "Nimpate swala wangu wa mwisho nikiwa bado naona."

Tukaenda. Alijibanza nyuma ya kichaka kando ya njia ya swala, mimi nikakaa mbali, kazi yangu kunyamaza tu. Akatokea dume, akaishika njia ile taratibu, moja kwa moja kuelekea kwa kaka. Kutoka nilipokaa zilikuwa hatua sabini. Nilizijua kama ninavyoujua mlango wa kwetu. Mkono ukavuta upinde kabla sijafikiri. Hapana, nisidanganye, nilifikiri. Nilitaka kaka aone.

Mshale ukiwa hewani, swala akapiga hatua moja. Ukampata pajani, akatimka. Tulifuata damu hadi jua likazama, hatukumpata. Njia nzima ya kurudi kaka hakunigombeza. Afadhali angenitukana.

Sasa haoni kabisa. Jioni hukaa kwenye kiti nyuma ya duka, akisikiliza mishale yangu ikigonga gunia.

"Uko hatua ngapi?" huniuliza.

"Ishirini."

"Haya, vizuri."

Juzi aliuliza, "Yule swala. Angenifikia kweli?"

Miaka miwili nilikuwa nalisubiri swali hilo, na uongo wa kulijibu nilikuwa nao tayari. Ulimi ukakataa.

"Angekufikia, kaka. Alikuwa anakuja kwako."

Akaitikia kwa kichwa polepole.

"Najua," akasema. "Nilimwona. Nilikuwa nimeshavuta upinde."