Fito Zilizoota Majani

Bisheni mtakavyo, lakini udongo wa kule juu Mgeta nimeushika kwa mikono hii. Nilistaafu kazi ya reli pale Ngerengere, nikajenga Mafiga, kule mjini, na kwa kuwa sijui kukaa bure, nikapanda mlimani kuomba shamba. Kwetu Manyoni mtama tunaubembeleza kama mtoto mgonjwa. Kule niliangusha punje ya hindi nikiwa nafunga kamba ya kiatu. Nilipoinuka, jani likanigusa kidevu.

Ardhi ya Waluguru ni ya ukoo, na ukoo ni wa upande wa mama. Mkuu wa ukoo ule alikuwa Bi Mwanaheri, bibi mwembamba mwenye bakora ya mpingo aliyorithi kwa mama yake. Aliniazima kipande mteremkoni kwa sharti moja.

"Lima maharage, lima kabichi. Mti usipande. Mgeni akipanda mti kwenye shamba la kuazima, ameshasema ni lake. Siku hiyo utateremka na jembe lako."

"Nimesikia, bibi."

Maharage ya kutambaa yanataka fito. Nikaokota fito kavu, kuni za kuchemshia uji, nikazichomeka. Masika ikaanza, nami nikashuka mjini kuuguza goti. Niliporudi nilisimama kwenye ukungu, mdomo wazi. Kila ufito ulikuwa umetoa majani, na ndege wameshajenga. Nikavuta mmoja niung'oe. Kilichotikisika ni mlima.

Kumbe Paulo, mjukuu wa Bi Mwanaheri, aliyekuwa akikitaka kile kipande, ameshamwita bibi yake.

"Njoo uone, bibi! Mzee wa reli amepanda msitu!"

"Sikupanda," nikasema. "Zilikuwa kuni."

"Kuni zinaota? Kesho utatuambia treni yako ilizaa!"

Nikaanza kulitazama shamba kama mtu anayeaga. Bi Mwanaheri akainama, akachota udongo mweusi, akaunusa.

"Mama alikuwa akisema udongo huu haujui kukataa. Nikadhani ni maneno ya kutubembelezea usingizi." Akaichomeka bakora yake ardhini. "Ikibaki kavu, mzee, wewe mwongo, unateremka. Ikiota, umesema kweli."

"Bibi, mpingo huo ulikufa kabla sijazaliwa!"

"Basi omba."

Niliomba, misikitini na makanisani kwa pamoja, bila kutoka kibandani. Paulo naye hakubanduka. Alikaa palepale akinichunga nisifanye ujanja.

Asubuhi moja ukungu ukafunguka. Juu ya bakora, pale pale palipong'arishwa na viganja vya mama na binti, palikuwa na chipukizi, dogo kama punje ya mchele, bichi kabisa. Paulo akavua kofia.

Bi Mwanaheri akaja ameshika bega la mjukuu wake. Aliligusa lile chipukizi kwa ncha ya kidole, kama anayegusa uso wa kichanga.

"Sasa shamba lina mti wa ukoo," alisema. "Fito zako zikate, maharage yako lima. Na mti wangu uutunze."

"Na bakora, bibi?"

"Paulo yupo."

Mpaka leo Paulo ndiye bakora. Nami ninapolima sisimami mahali pamoja kwa muda mrefu. Nina vidole vya miguu, na udongo ule haujui kukataa.