Mgonjwa wa Saa Nne

Kabla ya saa tatu asubuhi Mama Faili, kama walivyomwita wenzake kwenye chumba cha kumbukumbu cha hospitali, alikuwa ameshashusha mafaili sitini na mawili. Daktari wa upasuaji alitaka wagonjwa wote wa saratani ya utumbo mpana wa miaka mitano iliyopita: umri, dalili ya kwanza, na ugonjwa ulikuwa umefika wapi ulipogundulika.

Aliianza kazi kwa mazoea, soksi miguuni, viatu chini ya meza. Kwenye faili la kumi mkono ukasita. Siku zote alidhani huu ni ugonjwa wa wazee. Huyu miaka thelathini na minne. Huyu ishirini na tisa, mwalimu. Na karibu wote, karatasi ya kwanza, ile ya zahanati, iliandikwa neno lilelile: bawasiri. Wakapewa dawa ya kupaka, wakarudi, wakapewa nyingine. Karatasi ya mwisho: umeshaingia kwenye ini.

Alivuta viatu, akavivaa. Mumewe, fundi viatu, alikuwa kwenye tyubu ya tatu ya dawa hiyohiyo. "Ni kushinda kwenye kigoda tu," alisema kila alipoona damu, na mkewe akamtania kwamba sasa ashone akiwa amesimama.

Alishuka ngazi mbio hadi chumba cha kipimo cha kamera ya utumbo, akamwombea mumewe nafasi.

"Ana rufaa?" aliuliza karani wa mlangoni bila kuinua uso.

"Hana. Zahanati wanasema ni bawasiri."

"Basi ni bawasiri. Mashine ni moja, dada. Tunapima wenye dalili za kueleweka. Aliyekonda, tumbo limejaa, damu imemwishia."

"Hao ninao huko juu, kaka. Nusu yao wameshazikwa."

Karani aliguna, akapekua daftari. "Mwezi wa kumi na moja."

Wakati huo ulikuwa mwezi wa nne.

Kesho yake akamleta mumewe hivyohivyo, bila miadi. Tangu jana fundi hakuwa ametia chakula mdomoni, na dawa ya kusafisha tumbo alishaimaliza, kama tangazo la ukutani lilivyoagiza.

"Unaniaibisha, mke wangu. Mtu mzima naulizwa mambo ya chooni mbele za watu!"

"Aibu haijaua mtu. Kaa."

Karani aliwafukuza mara mbili. Hawakunyanyuka.

Saa nne karani aliita jina la mwanamke. Akaita tena. Mwanamume mmoja akasimama, kadi ya kliniki mkononi.

"Ni dada yangu. Tulimzika Jumamosi. Nimekuja kuwaambia msimsubiri."

"Alipewa miadi hii lini?" Mama Faili aliuliza.

"Mwezi wa kumi, mwaka jana."

Karani alichukua rula, akalikata jina kwa mstari ulionyooka. Kisha akamtazama fundi viatu.

"Haya. Ingia wewe."

Mama Faili alimsukuma begani. Mumewe alisimama, asijue apite wapi.

"Pita, kaka," alisema yule mfiwa, akijibana ukutani kumpisha.