Mgeni Haondoki

Neno lenyewe niliwapa mimi, kwa hiyo sina wa kumsingizia.

Wasichana wa umri wa kuvunja ungo ukiwaambia waseme "hedhi" mbele ya wenzao, wanajikunyata kama kuku walionyeshewa. Basi siku ya kwanza kabisa nikawaambia: mkiona aibu, semeni mgeni. Mama zenu walisema hivyo, na bibi zenu pia. Nimepata mgeni. Mgeni wangu kachelewa. Wakacheka, wakalipenda, na tangu siku hiyo darasa zima likawa na wageni.

Kikundi chetu ni cha wanawake wanane kwenye karatasi, na wawili kwenye kazi: mimi na Fundi. Tuna vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Katika kimoja Fundi anashona taulo za kike za kufua, flaneli juu, kitambaa kisichopitisha maji chini, vifungo vya kubana pembeni. Chumba cha pili ni changu. Mna meza, mizani, mchoro wa mfuko wa uzazi ambao fundi bomba mmoja alidhani ni kichwa cha ng'ombe, na kopo la rangi la lita nne nililolitoboa mfuniko.

Kopo hilo ndilo sanduku la maswali. Kila Jumatano baada ya masomo nalibeba mpaka shuleni, wasichana wanatumbukiza vikaratasi, nami navisoma kwa sauti na kuvijibu kimoja kimoja. Nimekuwa mkunga kwa miaka ishirini na sita. Hakuna swali lililowahi kunishinda, na nilipenda sana kulisema hilo.

Sheria za kopo niliziweka mimi pia. Hakuna kuandika jina. Hakuna kuchunguza mwandiko. Nikishajibu, vikaratasi vyote vinachomwa palepale uani, wenyewe wakiangalia. Ndiyo maana waliniamini wakaniita Shangazi, kwa sababu shangazi ndiye unayemwambia usiyoweza kumwambia mama.

Karatasi ya kwanza ilikuja mwanzoni mwa muhula. "Shangazi, mgeni amekuja kwetu na hatukumtarajia. Nifanye nini?"

Nikajibu kwa madaha. "Mgeni haombi ruhusa. Mpokee, usimwogope. Hakuja kukudhuru, amekuja kukuonyesha kwamba umekua. Mwambie mama." Wakapiga makofi. Aliandika "kwetu", wala si "kwangu", na mimi neno hilo lilinipita sikioni likaenda zake.

Wiki iliyofuata: "Mgeni haondoki. Leo ni siku ya kumi na mbili."

"Eh!" nikasema. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe!" Darasa likaangua kicheko. Kisha nikajikaza, nikaeleza kwamba zikizidi siku saba aende kituo cha afya akapimwe damu, na kwamba asione haya.

Wiki ya tatu: "Mgeni anakaa tu, hasemi kitu. Nikiamka namkuta."

Nikasema ndiyo tabia yake, humvamia mtu usingizini, kwa hiyo ukikaribia siku zako ulale umejiandaa. Fundi alikuwa amekuja kunisaidia kubeba pakiti. Akaniinamia. "Mgeni hasemi kitu? Kwani wa wenzake huwa wanasema?" Nikamwambia ashughulike na cherehani yake. Hivyo ndivyo nilivyomjibu, kwa maneno hayohayo, na nimeshamwomba msamaha mara nyingi.

Ya nne: "Nimemwambia mama kama ulivyosema. Mama amesema mgeni ni baraka." Nikamsifu huyo mama. Nikasema wazazi wote wangekuwa hivyo, mimi na Fundi tungekosa kazi.

Jumatano ya tano jua lilikuwa kali, na mabati ya darasa yalikuwa yakialika juu ya vichwa vyetu. Nikakunjua kikaratasi, nikaanza kusoma kwa sauti ileile ya mbwembwe.

"Mgeni ameniuliza..."

Yaliyobaki niliyasoma kimoyomoyo: Shangazi alijibu nini.

Hedhi haiulizi mtu swali. Katika nyumba moja kati ya nyumba za wale wasichana kulikuwa na mtu anayekaa, asiyesema, anayekutwa mtoto akiamka. Na mimi, kwa mdomo wangu huu, wiki nne mfululizo nilikuwa nikimwambia huyo mtoto ampokee na asimwogope.

"Hili nitalijibu baadaye," nikasema. Walikuwa wakinitazama, macho arobaini na mawili ya watoto ishirini na mmoja. Kwa hiyo nilifanya nilichozoea kufanya. Nikavibeba vyote uani nikavichoma, pamoja na hicho. Mwandiko ukageuka majivu mbele yangu, ndipo nikakumbuka kwamba ningeweza kuutumia.

Nilibakiwa na pakiti tu. Siku hiyo ilikuwa ya kugawa taulo, na taulo huwa nagawa kwenye stoo ya vitabu, mmoja mmoja, mlango umerudishwa. Anaingia, anachukua, anatia sahihi kwenye orodha, anatoka. Wafadhili wetu wanapenda sahihi kuliko wanavyopenda taulo. Nikaamua kila anayeingia nimuulize swali moja.

"Mgeni wako ana miguu mingapi?"

Wa kwanza akacheka mpaka akashika rafu. Wa pili akasema, "Shangazi, leo umekula nini?" Wa tatu akasema mgeni wake ana mapembe. Wa nne, wa tano, wote wakatoka wakicheka, na huko nje foleni nayo ikacheka bila kujua inacheka nini.

Wa tisa alikuwa yule wanayemwita Chiriku. Wenzake walimpachika jina hilo kwa sababu haongei. Baba yake alifariki mwaka jana, na tangu hapo nilikuwa sijamsikia akitamka maneno matatu kwa mkupuo.

"Mgeni wako ana miguu mingapi, mwanangu?"

Hakucheka. "Miwili, Shangazi. Anavaa soksi hata kukiwa na joto."

Nikaketi juu ya rundo la vitabu. Nikamuuliza amewafanya nini. Akasema hajafanya kitu bado. Anaweka kiti mbele ya pazia lake, anakaa, anamwangalia. Mchana hutoka, jioni hurudi. "Jumamosi ananichukua. Amemwambia mama ananipeleka shule nzuri. Mama amekubali. Nguo zangu zimeshafungwa."

Hiyo ilikuwa Jumatano. Nyuma yake foleni ilikuwa bado na wasichana kumi na wawili. Nikamwita Mwalimu wa malezi, nikamwachia pakiti na orodha awagawie, nikamshika Chiriku mkono, nikampitia Fundi. Fundi akaja vilevile alivyokuwa, mkasi shingoni.

Mama yake Chiriku ni mpiga pasi. Anapanga vyumba viwili mwisho wa uchochoro, pazia katikati, na tulimkuta akinyoosha shati la mteja juu ya meza.

"Karibuni, karibuni. Kafanya nini tena huyu?"

"Hajafanya kitu, dada," nikasema. "Tumekuja kumwona mgeni wenu."

"Mgeni?" Akashangaa kweli, hakuwa akiigiza. "Hapa hatuna mgeni."

Mlangoni palikuwa na viatu vya kiume, vimepigwa rangi, ncha zikitazama nje. Mbele ya pazia palikuwa na kiti. Hakikuwa kimeelekezwa mezani wala mlangoni. Kilielekezwa kwenye pazia.

"Na viatu?"

"Aa, vya shemeji. Shemeji si mgeni."

"Ndugu wa marehemu?"

"Ndiyo."

"Wa baba mmoja? Au mama?"

Pasi ikapunguza mwendo. "Alikuja na jirani, wa chumba cha pembeni. Jirani ndiye aliyeniambia, shemeji yako huyu."

Fundi hakungoja kutumwa. Alitoka, nikamsikia akibisha kwa jirani, akarudi uso umembadilika. "Jirani anasema alimkuta amesimama hapa mlangoni kwako. Akadhani wewe unamjua."

Mama akaisahau pasi juu ya shati. Harufu ya kuungua ikaanza kupanda, na hakuna aliyenyoosha mkono.

Hapo pazia likasogea, akatoka mwanamume. Shati safi, limefungwa vifungo mpaka shingoni. Soksi. Sura yake nimejaribu kuikumbuka tangu siku ile, nimeshindwa. Nikifumba macho naona vifungo tu.

"Shikamoo, Shangazi," akasema, ingawa tulikuwa rika moja. Sikuitikia. Sijawahi kukataa salamu maishani mwangu isipokuwa ile.

Akatabasamu. "Mgeni haombi ruhusa," akasema taratibu. "Mpokee, usimwogope. Hakuja kukudhuru, amekuja kukuonyesha kwamba umekua." Alipumzika pale nilipopumzika mimi, akapandisha sauti pale nilipopandisha. Ilikuwa kama kusikia sauti yangu ikitokea chini ya kisima. "Ulisema vizuri sana. Jumamosi namchukua mtoto. Mama yake ameridhia."

Fundi akashika mkasi wake. Lakini aliyesema kwanza alikuwa mama.

"Shemeji," akasema, akimtazama kama mtu aliyewashiwa taa. "Mume wangu kwao walikuwa wakimwitaje? Jina la utotoni."

"Marehemu," yule mtu akajibu, wala hakufikiri. "Wafu wote wanaitwa hivyo."

Mama akainyakua pasi mezani, moto vile ilivyo, akasimama kati yake na mtoto. "Shangazi, mtoe mwanangu nje. Mtoe!"

Nilimtoa. Fundi akamvuta na mama, tukatoka wote wanne bila viatu, tukaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa mtaa. Tuliporudi naye na vijana watatu wenye nguvu, chumba kilikuwa kitupu na viatu havikuwepo. Uchochoro ule una mdomo mmoja tu, na mdomoni walikuwa wamekaa wanawake watano wakisukana nywele. Waliapa kwamba hakupita mtu. Mwenyekiti akaandika maelezo yetu, akaahidi kuyafikisha polisi, akatushauri tulale kwingine.

Walilala kwangu. Jioni, Chiriku akinywa chai na mkate, rangi ilikuwa imeanza kumrudia usoni, nami nikajiona mtu. Mtoto yuko salama, mama yuko salama, na mkunga huyu bado yumo. Nikamuuliza kwa upole kwa nini alimweleza yule mtu majibu yangu.

"Mimi?" Akaweka kikombe chini. "Sikumweleza. Yule haongei na mimi kabisa, Shangazi. Hajawahi kuniuliza kitu."

"Lakini uliandika kwamba amekuuliza."

"Hapana. Mimi niliandika cha kwanza, na cha siku ya kumi na mbili, na kile cha kukaa tu. Basi." Akatazama mkate wake. "Niliona mnacheka, nikaacha."

Nilimgeukia mama yake. Nilitaka aseme kwamba mwanawe alimwambia, kwamba ni yeye aliyejibu habari za baraka. Akatikisa kichwa. Hakuambiwa kitu, wala hakusema kitu. "Mchana alikuwa hayupo," akasema. "Alikuwa akisema ana ndugu wengine mtaa wa pili, lazima awaone na wao."

Nikaelewa. Yule mtu maneno yangu aliyapata kwa mtoto mwingine. Mtoto huyo alimwambia mama kama nilivyomwelekeza, akaambiwa ni baraka, na leo mchana alikuwa kwenye foleni. Tisa niliwauliza. Kumi na wawili niliwaacha nyuma yangu kwa sababu nilidhani nimeshampata niliyekuwa nikimtafuta.

Nilimpigia Mwalimu wa malezi simu mpaka vidole vikauma. Alikuwa ameizima.

Asubuhi mimi na Fundi tulikuwa getini kabla ya kengele. Orodha ya sahihi ilinisaidia kwa mara ya kwanza tangu nianze kuikusanya. Mwalimu alisoma majina ya wale kumi na wawili, akawaita mmoja mmoja, nami nikawauliza lile swali langu. Walicheka, na kila aliyecheka nilitamani kumkumbatia. Kumi na moja walicheka.

"Na huyu wa mwisho?" nikauliza.

"Huyo leo haji," akasema Mwalimu. "Nilipowasha simu alfajiri tu, mama yake akanipigia kumwombea ruhusa."

"Anaumwa?"

"Hapana, mzima kabisa." Mwalimu alikuwa ameshaanza kufunga daftari lake. "Wana mgeni."