Chanjo Iliyopigwa na Jalidi

Chesang alipofika stoo ya mradi wa chanjo pale Molo saa kumi na mbili na robo asubuhi, Naftaly alikuwa ameshalifunga boksi la dawa kwa mpira wa baiskeli. Lilikaa kwenye veranda, la bluu, zito, na juu yake daftari la kusaini. Naftaly, mwenye stoo, alilipiga kifuniko kwa kiganja kama mtu anayesifu ng'ombe wake. Alisema amelipanga tangu jana jioni, maana gari lilitoka alfajiri kwenda Nakuru kuchukua wageni wa kukagua mradi. Barafu aliyoweka, ile ya pakiti za plastiki, ni ngumu kabisa, kutoka friza moja kwa moja. Dawa haingepata joto hata ikipelekwa Turkana.

Chesang alitaka kulifungua. Chuoni walifundishwa kwamba barafu ya friza haikai na chanjo kabla ya kuachwa nje itoe jasho, ukiitikisa usikie maji yakicheza ndani. Walifundishwa pia kwamba nesi hasaini asichokiona. Lakini ilikuwa siku yake ya kwanza kazini, na Naftaly ana umri wa baba yake. Ukianza siku ya kwanza kwa kumkagua mzee wa watu, utaambiwa una kiburi cha vitabu. Akasaini.

Alikuwa amengoja siku hiyo miaka minne. Miaka minne tangu amalize uuguzi, akikaanga chipsi na mama yake huko mtaa wa Section 58, Nakuru, akipeleka barua kwa ofisi ambazo hazikuwa na jibu ila subiri. Sasa mradi ulikuwa umemwandika nesi wa kuzunguka: Jumatatu Sachangwan, Jumatano Mau Summit, Ijumaa mashamba ya upande wa Gilgil, kila mahali ambapo mama akitaka kliniki lazima atembee nusu siku. Miezi mitatu ya kujaribiwa, kisha mkataba. Jumapili mchungaji alikuwa amemwekea mkono kichwani mbele ya kanisa zima, na mama yake akalia.

Basi gari la kubeba dawa lilibeba wageni, na dawa ikabebwa na pikipiki.

Kanisa la mabati la Sachangwan lilikuwa juu ya barabara kuu, ambako malori hupanda yakilia. Baridi ilikuwa ile ya kuuma masikio. Akina mama thelathini na wanane walikuwa wameketi kwenye mabenchi, watoto wamefungwa ndani ya blanketi mpaka pua. Bibi mmoja, Wangeci, ambaye wote walimwita cucu, aliyemleta mjukuu wake, aliomba sala fupi. Alimshukuru Mungu kwa kumtuma daktari mpaka mlangoni mwao. Wote wakasema amina, na Chesang akafungua boksi.

Kichupa cha kwanza alichoshika kilikuwa kimeshikana na barafu. Alikivuta kikatoa mlio mdogo. Ndani yake dawa ilikuwa jiwe jeupe. Cha pili hivyo hivyo. Kuna kifaa kidogo cha kupima baridi ambacho hukaa kati ya vichupa. Mambo yakiwa sawa huonyesha tiki, baridi ikipita kiasi huonyesha eksi, na eksi haifutiki. Kilikuwa na eksi. Matone ya mdomoni hayadhuriki na barafu, hayo alijua. Lakini vichupa kumi na vinne vya sindano za mapaja, zile za kumkinga mtoto na kifaduro, pepopunda na kichomi, vyote vilikuwa vimelala kati ya barafu ya Naftaly usiku mzima. Chanjo ile ikiganda imekufa.

Alimpigia simu Kiarie, msimamizi wa mradi. Kiarie alisema aviweke juani.

"Kuviyeyusha hakuviponyi," Chesang alisema.

Kiarie alisema anakuja, na simu ikakatwa.

Alifika saa tano na gari, akiwa amewaacha wageni kwenye hoteli ya barabarani wakinywa chai. Alikuwa mtu mnene mwenye jaketi la mradi kama lile alilovaa Chesang, ila lake lilikuwa na jina lililoshonwa kifuani. Alichukua kichupa kimoja, akakitia kwapani, akasimama hivyo akisalimia akina mama, akiwauliza habari za viazi. Kisha akakitoa na kukiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Haya, madam. Barafu iko wapi?"

Chesang alikichukua, akakitikisa, akakiweka mezani. Alimwomba aangalie. Baada ya muda mfupi chembe nyeupe zilianza kushuka, zikatulia chini, na juu yakabaki maji.

"Ni kama maziwa yaliyokatika," akasema.

"Maziwa yakikatika tunatengeneza mala, tunakunywa." Kiarie aligeukia mabenchi. "Akina mama, nisaidieni. Sista wenu anasema dawa imeharibika kwa sababu imepoa sana. Kuna mtu hapa amewahi kuona nyama ikioza kwa friji?"

Wakacheka. Chesang aliwaacha wacheke. Kisha akauliza kama jalidi, ule umande unaoganda ukawa mweupe, ulipiga mashamba yao mwezi wa kwanza.

"Ulipiga," Wangeci akasema. "Hata mbegu sikurudisha."

"Asubuhi jua likitoka, cucu, viazi vilikuwa na rangi gani?"

"Kijani. Vizuri kabisa. Kufika saa sita vimelala chini, vyeusi, kama vimechemshwa."

"Basi hii dawa ni saa moja asubuhi. Unaiona kijani."

Kicheko kiliisha. Watu wa pale hawahitaji kuelezwa baridi mara mbili. Lakini kuelewa hakukuwapoza, kuliwachoma. Jepkemei, mama mwembamba aliyekuwa benchi la mbele, alisimama. Alikuwa ametoka ukingoni mwa msitu kabla ya jua, mtoto wa miezi mitatu mgongoni, na miguu yake ilikuwa na matope mpaka magotini.

"Sista, nani alifunga hiyo boksi?"

"Ni mtu wa stoo."

"Na wewe ukaipokea bila kuangalia?"

"Nilipokea. Sikuangalia."

"Kwa hivyo ni makosa yako."

"Ni yangu pia," Chesang alisema.

"Nilimwacha ng'ombe bila kukamuliwa nikaja kusikia habari ya viazi." Jepkemei aliwageukia wenzake. "Mimi dawa sijui. Mimi nataka muhuri."

Na hapo ndipo palipokuwa na shida yenyewe. Ilikuwa imetangazwa kwenye mkutano kwamba mtoto ambaye kitabu chake cha kliniki hakina muhuri wa sindano zote hatapewa barua ya kwenda kutafutia cheti cha kuzaliwa. Nani alitunga sheria hiyo hakuna aliyejua. Bila barua hakuna cheti, na bila cheti shule itamrudisha mtoto nyumbani. Kliniki ilikuwa mbali, nesi hakuwako, dawa ilikuwa imeganda, lakini sheria ilikuwa imefika salama.

Kiarie hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alivuta meza ya mchungaji, akatoa muhuri wa mradi mfukoni, akaupulizia.

"Leteni vitabu. Yule wa matone aende kwa sista, halafu aje hapa."

"Unapiga muhuri wa nini?" Chesang aliuliza.

"Wa kuonyesha mtoto alifika."

"Unaupiga kwenye mstari wa sindano."

Kiarie alisema kwa sauti ya chini, akitabasamu kwa ajili ya mabenchi, kwamba ripoti inataka watoto thelathini na wanane, wageni wanataka watoto thelathini na wanane, na kwamba yeye Chesang ana siku moja tu kazini. Mstari ukaanza kusonga. Chesang alitia matone midomoni, mtoto mmoja baada ya mwingine, na kila mara alimwambia mama kwamba sindano haijadungwa, muhuri ule ni wa uongo. Wengine waliitikia kwa kichwa na kwenda kwa meza ile ile. Angewalaumuje? Mtu mwenye njaa haulizi mkate umetoka tanuri gani. Jepkemei alipita bila kumtazama. Kitabu chake kilipigwa muhuri, akakiingiza kifuani.

Wageni walifika saa saba, wanawake wawili na mwanamume mwenye kamera, watu wa Nairobi wenye viatu vipya vya matope. Walisalimia kwa heshima. Mmoja aliuliza kama wanaweza kupata picha ya mtoto akichanjwa. Kiarie alisema bila shaka, akamchukua mtoto wa watu, akamkalisha kwenye paja la Wangeci, akafunua paja lake dogo kwenye baridi ile.

"Shika sindano tu," alimnong'oneza Chesang. "Si lazima iingie."

"Sishiki."

"Ni picha, msichana."

"Kama ni picha tu, shika wewe."

Mtoto alianza kulia. Wangeci alimfunika, na wageni wakatazamana. Kiarie aliwaambia kwa Kiingereza kwamba nesi huyu ni mgeni wa kazi, amelemewa kidogo. Kisha akaenda kwenye boksi, na kwa Kiswahili, ili Chesang na akina mama wasikie vizuri, akasema:

"Nakuru imejaa manesi kama kunguru. Ijumaa hizi zinakwenda Gilgil na mtu mwenye akili."

Chesang alivitazama vichupa. Vilikuwa vimeyeyuka vyote. Vilionekana vizima, kifuniko cha bati juu, tarehe ya mwaka ujao ubavuni. Nesi mwingine angevikuta vimepangwa kwenye boksi safi, na barafu iliyotoa jasho vizuri, na kifaa kingine chenye tiki. Angesaini. Yeye mwenyewe alikuwa amesaini. Watoto wa Gilgil wangedungwa maji, wangelia, wangepewa muhuri, na mwaka huo kifaduro kikija kingewakuta wazi kama shamba lisilo na ua. Na mama angesema, lakini alidungwa.

Pembeni ya meza yake kulikuwa na lile boksi la njano la karatasi ngumu ambamo nesi hutupa sindano zilizotumika. Asubuhi alikuwa amelikunja na kulisimamisha kwa kazi ambayo haikufanyika. Ndani yake mlikuwa na sindano tatu tu, zilizofunguliwa Kiarie alipokuwa akipanga ile picha. Mdomo wake umetengenezwa kwa makusudi: kitu huingia, hakitoki. Likijaa au lisipojaa, huchomwa moto.

Alivichukua vichupa viwili viwili. Alivitia humo. Vilianguka kwa mlio wa kawaida, kama maharagwe yakiingia sufuriani. Alikuwa amefika cha kumi wakati Kiarie alipotambua, akaruka na kuupeleka mkono mpaka kwenye mdomo wa boksi. Hapo ukasimama. Vidole vyake vilikaa hewani juu ya sindano. Chesang alipitisha vinne vilivyobaki chini ya mkono ule.

Mwenye kamera alikuwa ameinua kamera. Kiarie alimtazama, naye akaishusha.

"Hiyo ni mali ya mradi," Kiarie alisema. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Andika kwamba nimeharibu mimi. Jina langu unalo."

"Nitaandika. Na hutapata kazi kutoka hapa mpaka Naivasha. Vua hiyo jaketi."

Akalivua, akalikunja, akaliweka mezani karibu na muhuri. Chini yake alikuwa na blauzi ya mikono mifupi. Wageni sasa walikuwa wametoka nje kupiga picha ya kanisa na boksi la bluu, watoto wamesimama nyuma yake. Vitabu vilivyopigwa muhuri vilikuwa thelathini na kimoja, na hakuna aliyekuwa na shaka kwamba ripoti ingesema watoto thelathini na wanane. Watu wa Nairobi wangesoma, wangefurahi, na sehemu ile ya Sachangwan ingefutwa kwenye orodha ya mahali panapohitaji nesi, kwa sababu ilikuwa imeshachanjwa.

Alishuka kwa njia ya miguu kuelekea barabarani, mikono amejikumbatia. Alifikiria mama yake na karai la chipsi, na lile la kumwambia. Alikuwa amefika kwenye mti uliokatwa aliposikia mtu akishuka nyuma yake kwa haraka.

Ni Jepkemei. Hakuwa amepoa.

"Mimi sikuambii asante," alisema. "Ile dawa nzuri inakuja lini?"

"Sijui, mama."

"Unajua nini basi?"

Jepkemei aligeuka kumwonyesha mtoto mgongoni.

"Huyu akianza kukohoa?"

"Mpeleke hospitali upesi. Waambie hajadungwa hata moja ya paja."

"Niwaambie!" Jepkemei alicheka bila furaha. "Mimi na haya matope? Watafungua kitabu. Wataona muhuri. Wataniambia wewe mama ni mwongo, mtoto amekingwa, nenda nyumbani umpe maji ya moto."

Ilikuwa kweli. Chesang alikuwa amesikia sista wakubwa wakisema hivyo hivyo kwenye wodi.

Jepkemei alitoa kitabu kifuani. Kilikuwa na joto la mwili wake.

"Haribu," akasema.

"Na barua ya cheti?"

"Barua nitagombana nao nikiwa na mtoto hai."

Chesang alichuchumaa, akakiweka kitabu juu ya goti. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, ikabidi aishike kalamu kwa ngumi kama mtoto wa darasa la kwanza. Juu ya muhuri wa zambarau, kutoka ukingo mpaka ukingo, akaandika BADO. Chini yake akaandika tarehe, jina lake lote, na namba yake ya usajili wa uuguzi, ili anayetaka kumshtaki asipate taabu ya kumtafuta.

Alipoinua kichwa, Wangeci alikuwa anashuka kwa kujishikilia kwenye majani, mjukuu mgongoni, na nyuma ya Wangeci walikuwa wengine watano au sita, wakifungua leso zao kutoa vitabu.