Hisa za Mama Pasi

Pale hospitalini walimwita Mama Pasi, kwa kuwa kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kufua na kunyoosha mashuka ya wodi. Mumewe alikuwa fundi cherehani. Kila mwisho wa mwezi walijinyima kidogo wakanunua hisa za kampuni tatu: ya saruji, ya benki na ya hoteli. Nusu ziliandikwa jina la mume, nusu la mke. Utajiri hawakuutafuta. Walitaka tu kuacha kazi kabla kazi haijawaacha wao.

Kisha ugonjwa ukaingia. Vikapu sita vya mashuka kwa siku vikawa ishirini. Mama Pasi alivaa glavu mbilimbili, barakoa na aproni ya plastiki, jasho likamchuruzika mpaka viatuni. Huko nje hoteli zilifungwa, ujenzi ukasimama, bei za hisa zikaporomoka. Fundi naye hakuletewa hata suruali ya kupunguza. Alishinda sebuleni, redio sikioni.

Alasiri moja alimpokea mkewe mlangoni, hata viatu hajavua.

"Zimeshuka tena. Tumebaki na chini ya nusu."

"Niache nioge kwanza, baba."

"Ukitoka kuoga zitakuwa zimeshuka zaidi!"

Alipotoka bafuni, fundi alikuwa palepale, fomu ya dalali wa hisa mkononi.

"Mimi nauza zangu. Na wewe uza, mke wangu. Tutabaki mikono mitupu."

"Ugonjwa ukiisha watu hawatajenga? Hawatahitaji saruji?"

"Na usipoisha?"

Mama Pasi alijifuta maji usoni kwa kanga. Asubuhi ile alikuwa amepita wodini kumchungulia dirishani mfuaji mwenzake aliyelazwa, waliyesimama naye kwenye mashine moja miaka kumi na miwili. Alikuta kitanda kitupu. Baada ya saa moja mashuka ya kitanda kile yalimfikia kikapuni, akayafua.

"Uza zako," alisema taratibu. "Zangu ziache." Akaenda kujilaza.

Mwisho wa mwezi karani wa dalali alimpigia simu.

"Mama, mzee ameshauza. Na wewe tukuuzie?"

"Mimi nanunua. Kiasi kilekile cha siku zote."

"Lakini mama, watu wote wanakimbia."

"Mwanangu, miguu inaniuma. Hizo mbio siziwezi."

Aliendelea hivyo mwezi baada ya mwezi. Kuna miezi miwili alishindwa kabisa, kwa sababu fundi hakuwa na kazi na mshahara wa Mama Pasi peke yake ulilisha nyumba nzima. Mwaka wa pili kampuni ya hoteli ikafilisika, hisa zake zikawa karatasi za kufungia karanga. Siku hiyo alijifungia kwenye chumba cha kukaushia nguo akalia, kisha akanawa uso akarudi kwenye pasi. Fundi alipopata habari hakusema "nilikwambia". Alimchemshia chai tu.

Saruji na benki zilijikongoja. Ugonjwa ulipopungua watu walianza kujenga tena, na mwaka wa nne bei zikapita pale zilipokuwa kabla ya balaa lile. Zile alizonunua wakati kila mtu anakimbia ndizo zilizompa faida kubwa zaidi. Gawio lilipoingia, alimwonyesha mumewe ujumbe kwenye simu.

Fundi aliusoma mara mbili. "Mimi nilikuwa mjinga," alisema.

"Uliogopa."

"Na wewe hukuogopa?"

Mama Pasi alifikiri. Wote kazini walikuwa wakimsifu kwa subira, na sifa hizo zilimchosha kama mashuka.

"Ningekuwa na nguvu za kuogopa, ningeuza," alisema. "Nilikuwa nimechoka, baba watoto. Kununua nilikuzoea, kuuza kulitaka nifikiri."

Fundi alicheka, kicheko kikakatika katikati. Aliweka mkasi chini, akamsogezea kiti.

Mwaka uliofuata Mama Pasi aliandika barua ya kuacha kazi, miaka mitatu kabla ya kustaafu. Magoti yalikuwa yameshaharibika, na mwenzake wa mashine hakuwepo wa kumuaga. Jumatatu ya kwanza aliamka saa ileile ya kazi, akakaa kitandani akisikiliza cherehani ya mumewe sebuleni. Kisha akajinyoosha, akalala tena mpaka saa nne.